Kanda za Usiku wa Harusi

Hotuba iliyotolewa jioni moja Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya wapenzi wa taarabu, mafundi na wanafunzi

Asalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanangu mliokaa kwenye mkeka hapa mbele, ahsanteni kwa kuja na joto lote hili.

Nimekuja na kanda moja. Wazee hawana haja ya kuelezwa, lakini vijana nitawapitishia muishike. Tazameni mgongo wake. Kuna vishimo viwili, kimoja kila pembe. Kanda mpya huja na vijino vya plastiki vinavyoziba vishimo hivyo. Kijino kikiwapo, mashine inakubali kurekodi. Ukikivunja, kitufe cha kurekodi hakishuki tena, na kilichomo ndani kimesalimika. Ni kazi ya nusu dakika kwa ncha ya bisibisi. Mimi ni fundi wa redio tangu nina miaka kumi na minane. Nimewavunjia watu vijino kwa mamia, na ile kanda niliyoipenda kuliko zote sikuivunja.

Ilikuwa harusi ya kaka yangu, Kibokoni, mwaka 1986. Turubai limefungwa kutoka baraza hii hadi baraza ile, mabenchi yameazimwa madrasa, na mwimbaji ni mtu wa mtaani kwetu, mchana anafanya kazi bandarini, usiku anaimba. Mtu huyo hakuwahi kuingia studio hata siku moja. Hana santuri, hana kanda ya dukani. Niliweka redio kaseti yangu juu ya kigoda, hatua tatu kutoka kwenye spika, nikaifunika kitambaa ili umande usiingie, nikarekodi kanda mbili za dakika 90. Sikulala mpaka alfajiri, kwa sababu kila dakika 45 lazima uigeuze, na ukichelewa unapoteza beti.

Miaka michache baadaye kijana mmoja wa nyumbani akatafuta kanda tupu ya kurekodia matangazo ya mpira. Akaziona zangu mbili hazina maandishi, vijino vipo. Kisa chenyewe ni hicho. Sikumpiga wala sikumfokea. Nilikaa ukutani nikasikiliza mpira ule mpaka mwisho, nikitumaini huenda upande wa pili umebaki. Haukubaki. Na yule mwimbaji alikuwa ameshafariki.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu nataka tuzungumze juu ya watu wanaorekodi usiku wa muziki, wanaohifadhi na wanaogawana. Kuna wanaowaona kuwa watu wa kupoteza wakati, na kuna wanaowaona kuwa wezi. Mimi naamini ndio wanaobeba nusu ya muziki wetu, na kwamba sisi watu wa pwani tumeirithi kazi hiyo bila kurithi adabu zake.

Kwanza, kwa nini usiku ule urekodiwe, na ilhali sahani za santuri zilikuwepo? Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za kampuni ya HMV, na tangu hapo pwani yote hii imenunua taarabu kwenye sahani. Hapa kwetu Mombasa tulikuwa na duka la Assanand na lebo yao ya sahani, Mzuri. Heshima kwao. Lakini sahani ya zamani ilikuwa na dakika tatu hivi kila upande. Mwimbaji aliingia, akaimba beti alizoweza kuzibana, akatoka. Kwenye harusi wimbo ule ule unakwenda robo saa na zaidi. Udi unaanza peke yake, unazungukazunguka mpaka watu watulie. Taishokoto, kile kinanda cha nyuzi na vitufe, inajibu. Mwimbaji anaingia, anarudia mshororo mara tatu kwa sababu mtu amesimama kumtunza na noti mkononi, na huyo aliyesimama hakusimama bure: ubeti ule unamhusu yeye, au unamhusu aliyekaa mkabala naye. Huko nyuma unasikia mtu anasema "hiyo ndiyo!" na mwengine ananyamaza kwa namna ambayo hata kanda inaisikia. Studio haina vitu hivyo. Wimbo wa mafumbo ukiutoa mbele ya anayefumbiwa, unabaki na maneno na sauti, lakini fumbo lenyewe limekwenda zake.

Kwa hiyo watu wa Mombasa walijua mapema sana kwamba taarabu yenyewe iko harusini. Walikuwepo wenye maduka waliolijua hilo pia. Mbwana Radio Service hapa hapa Mombasa walirekodi waimbaji wetu na kuuza kanda, na mapenzi ya watu wengi kwa Juma Bhalo, kwa Maulidi Juma, kwa Zuhura Swaleh, yalikuzwa na kanda hizo zilizopita mkono kwa mkono, zikapanda basi la Malindi, zikavuka feri, zikapanda ndege na mabaharia na waliokwenda Ghuba kufanya kazi. Mtu akirudi likizo alileta kanda tupu za dukani kule na kuondoka nazo zimejaa.

Lakini zaidi ya maduka walikuwepo watu kama sisi. Kila mtaa ulikuwa na mtu wake mwenye kabati.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu kuna watu waliolifikiria jambo hili kwa makini na tunaweza kujifunza kwao. New York, mwaka 1901 mpaka 1903, kulikuwa na mkutubi wa jumba la opera la Metropolitan, Lionel Mapleson. Alipata mashine ya kurekodi kwenye silinda za nta, akaipandisha juu ya jukwaa kule wanakoning'iniza mapazia, akawa anarekodi vipande vya dakika mbili mbili maonyesho yakiendelea. Sauti zinasikika kwa mbali, zimezama kwenye mikwaruzo, wakati mwengine makofi yanazifunika. Ila mwimbaji aliyesifiwa kuliko wote wa kiume wa zama zake, Jean de Reszke, tunamsikia leo kwenye silinda hizo. Mapleson hakuwa na cheo cha kurekodi wala hakulipwa kwa kazi hiyo. Alikuwa mtu wa vitabu aliyependa kazi ya wenzake.

Kisa cha pili ni kundi la Marekani liitwalo Grateful Dead. Sitawaambia mupende muziki wao, hilo ni shauri lenu. Ninachokipenda ni mpango wao. Mashabiki walikuwa wakija na mashine na milingoti ya maikrofoni, wengi mno, hata waliokaa nyuma hawaoni jukwaa. Kundi lingeweza kuwafukuza. Badala yake, Oktoba 1984, mjini Berkeley, wakawatengea sehemu yao nyuma ya mitambo ya sauti, na tiketi zao mbali. Rekodini, sharti msiuze. Ukitaka kanda kwa mwenzako, unampelekea kanda tupu na stempu za posta, naye anakurudishia imejaa. Hakuna senti ya faida inayoingia.

Sharti hilo moja lilizaa tabia nzima. Kwa kuwa huuzi, unachobaki nacho ni jina lako: huyu kanda zake safi, huyu husema kweli. Walihesabu vizazi. Kanda ya kwanza ni mama. Iliyonakiliwa kutoka kwake ni mtoto, kisha mjukuu, na kila kizazi huongeza ule mvumo wa "shshsh" na kuondoa ukali wa nyuzi za juu. Kwa hiyo mtu alipokupa kanda alikuandikia: siku fulani, ukumbi fulani, maikrofoni aina fulani, iliwekwa wapi, hii ni kizazi cha pili, imenakiliwa kwa mashine fulani. Zama za kompyuta zilipoingia hawakuacha. Faili la sauti husafiri na faili la maandishi lenye nasaba yake yote, na pamoja nalo tarakimu za kuhakiki, ambazo hubadilika hata likiguswa herufi moja, ili ujue ulichopokea ni kile kile kilichotumwa.

Nasaba! Sisi watu wa pwani, tunaoweza kukutajia babu saba na kisima alichochimba kila mmoja, kanda zetu tumeziacha bila jina la baba.

Na kisa cha tatu ni cha kundi hilo hilo, maana hapa ndipo moyo wangu unaponiuma. Alikuwepo fundi wao, bibi mmoja aitwaye Betty Cantor-Jackson, aliyerekodi mamia ya usiku kwa ustadi mkubwa. Kanda zake zikawekwa stoo ya kukodi. Kodi haikulipwa, stoo ikanadiwa katika miaka ya 1980, kanda zikauzwa kwa yeyote mwenye kutaka. Kwa bahati baadhi ya walionunua walikuwa mashabiki. Walizisafisha, wakazinakili, wakazigawa. Kati ya usiku aliourekodi bibi huyo ni ule wa tarehe 8 Mei 1977 katika Chuo Kikuu cha Cornell, na mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuwa imeuingiza kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa na taifa lao. Kutoka stoo isiyolipiwa kodi hadi maktaba ya taifa. Katikati palikuwa na mashabiki.

Nani hapa hajaona stoo ya namna hiyo kwetu? Mzee anafariki. Arubaini ikipita, nyumba inagawanywa. Sanduku la kanda linawekwa uani "kwa muda". Mvua za Aprili zinakuja. Mohamed Juma Bhalo alituacha 2014. Zein l'Abdin, fundi wa udi, 2016. Waliowarekodi usiku wa harusi ni rika lao, nao wanakwenda mmoja mmoja, na makabati yao yanafunguliwa na watoto wasio hata na mashine ya kuzichezea.

Basi niseme ya ufundi kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Adui wa kwanza hapa ni unyevu. Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma, na unga huo umeshikwa na gundi. Hewa yetu ya bahari inaulea ukungu. Ukitazama kwenye kidirisha ukaona kama vumbi jeupe kwenye mzingo, usiicheze! Ukiicheza, ukungu unaingia kwenye kichwa cha mashine na unazigawia kanda zako zote nyengine. Ilete kwa fundi. Kanda nyingi zimefungwa kwa skrubu tano ndogo. Tunazifungua, tunausafisha utepe taratibu, tunauhamishia kwenye ganda jengine zima. Kile kisponji kidogo kinachousukuma utepe uguse kichwa kikibanduka, sauti hufifia na watu hudhani kanda imekufa. Haikufa. Kisponji kinabandikwa.

Halafu kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalifanyi. Pembeni ya kichwa cha mashine kuna skrubu ndogo ya kukiinamisha. Kila redio iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake. Ukicheza kanda ya redio moja kwenye nyengine, mwinamo haulingani na sauti inakuwa kama mtu anayesema huku amejifunika blanketi. Zungusha skrubu ile kidogo kidogo huku unasikiliza tari. Vile visahani vya tari vikianza kulia waziwazi, umefika. Nimewaona watu wazima wakitokwa na machozi kwenye benchi langu kwa robo ya mzunguko wa skrubu.

Ukishaisafisha, toa sauti kwa waya kutoka kwenye mashine mpaka kwenye kompyuta. Tafadhali, nawasihi kwa yote mnayoyapenda, msiweke simu mbele ya spika. Saa moja ya sauti iliyohifadhiwa kikamilifu, kwa kipimo kinachotumiwa na wahifadhi, ni kama GB 2. Ukiifunga kwa mtindo wa FLAC inapungua sana na hakuna hata chembe inayopotea. Ukiituma WhatsApp kama ujumbe wa sauti inasagwa, na ukiisaga tena na tena umerudi kule kule kwenye vizazi. Itume kama hati, ifike kama ilivyo. Mvumo na mikwaruzo msiiondoe kwenye nakala mama. Fanyeni usafi kwenye nakala ya pembeni. Mwenye kusafisha leo anaweza kufuta pumzi ya mwimbaji akidhani ni uchafu, na mwenye vyombo bora kesho hatakuwa na pa kuanzia.

Na andikeni. Hata kama hujui mwaka, andika unachokijua: kanda hii nimepewa na nani, nyumba gani, nani anaimba, nani anapiga fidla, bwana harusi mtoto wa nani. Muulize mama yako leo usiku, usingoje kesho.

Sasa nafika mahali pazito. Kuna vijana watanyanyuka hapa na moto, wakirudi nyumbani waweke kila kitu kwenye intaneti. Ngojeni.

Usiku wa taarabu una wenyewe zaidi ya mmoja. Kuna mtunzi wa shairi. Wengi hapa mnajua kwamba mashairi mengi aliyoyaimba Juma Bhalo ni ya Ahmad Nassir, na shairi ni mali ya aliyelitunga hata likiimbwa na mwengine. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inalilinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Rekodi ya sauti yenyewe ina miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kuna mwimbaji, aliyeishi kwa sauti ile. Ukiuza kanda yake bila kumpa kitu wewe ni mwizi, hata kama unampenda, na walikuwepo waliojenga nyumba kwa kanda za watu waliokufa wakiwa wapangaji. Nimewajua wote wawili, aliyejenga na aliyepanga. Kwa hiyo sharti la wale wenzetu wa Marekani nalitaka hapa neno kwa neno: tunagawana, hatuuzi. Na mwenye kazi akisema hapana, ni hapana. Mwaka 2005 Grateful Dead walitaka rekodi zilizotoka moja kwa moja kwenye mitambo yao zisipakuliwe tena huru kutoka Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni. Mashabiki walilalamika sana, na zile walizorekodi wenyewe ukumbini zikarudishwa, lakini zile za mitambo zikabaki kwa kusikiliza tu. Waliheshimu. Mpaka leo wanasikiliza.

Sisi tuna mwenyewe mwengine ambaye wao hawana: mwenye harusi. Kanda ya harusi ina majina ya watu. Ina mama wa bibi harusi akilia. Ina mafumbo yaliyorushwa baina ya nyumba mbili ambazo leo zimeoleana. Na kama ni kanda ya upande wa wanawake, ina sauti za wanawake waliokaa ndani wakiwa na uhakika kwamba wako peke yao. Ule uhakika ni amana. Mimi nina kanda za namna hiyo ambazo nimezitengeneza, nimezinakili vizuri, nimezirudisha kwa wenyewe, na sikubaki na nakala. Kijana mmoja aliniuliza, fundi, huoni kwamba umeupoteza urithi? Nilimwambia urithi uko kwenye sanduku la bibi yake, akaombe.

Inachukua muda. Unakwenda nyumba, unakaa barazani, unakunywa kahawa, unaeleza, unaambiwa njoo Ijumaa. Unakwenda Ijumaa. Nimefanya hivyo kwa miaka, na mara nyingi zaidi nimepewa kuliko kunyimwa.

Nilisema kanda yangu ilifutwa. Mwaka 2009 alinijia bibi mmoja kutoka Likoni na redio kaseti iliyomeza kanda. Nikaifungua, nikauchomoa utepe taratibu, nikaunyoosha, nikaurudisha kwa penseli. Ili kuijaribu redio, nikaicheza kanda yake mwenyewe. Mvumo mwingi. Taishokoto. Halafu mtu wa maikrofoni akataja jina la aliyetunza, na jina lile lilikuwa la baba yangu.

Nikamuuliza bibi kanda ameipata wapi. Kwa shemeji yake. Na shemeji? Kwa jirani wa Kibokoni. Nikakumbuka. Wiki ile ile ya harusi jirani yetu aliniomba nimnakilie, nami nikamnakilia, nikasahau. Yeye akamnakilia mwengine. Niliyoishika siku ile ilikuwa kizazi cha nne, labda cha tano, upande mmoja tu kati ya pande nne nilizorekodi, na mwanzo umekatika. Lakini ipo. Kama ningeifungia kabatini kwa wivu, sauti ya mtu yule isingekuwepo popote duniani. Bibi alikubali niinakili, akanitaka nimnakilie yeye pia, kwa sababu hakuwa na nyengine.

Baadaye nilimtafuta binti wa mwimbaji. Hakuwa na sauti ya baba yake, si dakika moja. Alikaa kwenye benchi langu akasikiliza upande mzima bila kusema, kisha akasema turudie. Nilipomwomba ruhusa ya kuicheza hapa leo alikubali kwa masharti mawili: jina lake nisilitaje, na pale mwishoni ambapo wanawake wa nyumba wanasikika wakizungumza, tusimamishe. Masharti yote mawili nimeyakubali.

Mashine mbili ziko pale mezani, na daftari. Waliokuja na kanda waziache kwa jina na namba ya nyumba, nitazirudisha kwa mkono wangu. Vijino vyake nitavivunja mbele yenu.

Mwanangu, punguza taa kidogo, feni pia. Mwanzo umekatika, kwa hiyo utamsikia yuko katikati ya ubeti. Bonyeza.